Hedifoni za Mtu Mwenye Watoto Wawili

Fundi Lenzi hakuwa mwongo. Tuliweke hilo mbele, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu amdhanie vibaya. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa chumba cha nyuma cha duka la miwani, akichonga vioo vya macho ya watu, na kazi ile haina pa kudanganyia. Lenzi ikizidi kidogo tu haiingii kwenye fremu. Ikipungua, inadondoka siku mteja anapoinama kufunga kamba za viatu. Wateja hawakumjua sura. Walimjua dada wa mapokezi anayewachekea mlangoni, na daktari wa macho anayewauliza, "Bora hii, au bora hii?" Yeye walimjua kwa mlio wa mashine uliotoka nyuma ya pazia, na wengine walidhani ni feni mbovu.

Alikuwa na miaka arobaini na minane, na aliishi vyumba viwili juu ya duka la rangi. Chumba kimoja cha kulala. Cha pili kilikuwa na meza, kompyuta, kinanda chenye vitufe vitatu vinavyokwama, na viti viwili. Kiti kimoja alikalia yeye, kingine kilikaliwa na nguo zilizotoka kufuliwa. Mkewe aliondoka miaka kumi na miwili nyuma akiwa na binti yao wa pekee, aliyekuwa na miaka kumi. Hakuna aliyepigwa wala aliyefumaniwa. Ndoa yenyewe ilikufa taratibu kama betri ya saa ya ukutani: unatazama siku moja unakuta imesimama, na huwezi kusema ilisimama lini. Baadaye mke aliolewa tena, mji mwingine, na mume huyo mpya hakuwa na makuu. Fundi alibaki na salamu za sikukuu.

Na muziki. Ujanani alipiga kinanda kwenye bendi ya harusi, mpaka watu walipogundua kwamba mtu mmoja mwenye kompyuta hali wala hanywi kama wanamuziki saba. Bendi ikasambaratika, naye akanunua kompyuta yake akaanza kumiksi. Kumiksi, kwa asiyejua, ni kuletewa wimbo vipande vipande, sauti ya mwimbaji huku, gitaa kule, besi na ngoma kwingine, kisha wewe unavipatanisha: huyu apaze, yule apunguze, wote wasikike bila kukanyagana. Ni kazi ya msuluhishi, na Fundi aliyeshindwa kusuluhisha nyumba yake aliiweza vizuri sana kwa nyimbo za watu. Kwaya zilimletea, vijana wa mtaani walimletea. Walimlipa walichokuwa nacho, na mara nyingi walikuwa na asante.

Sasa, siku moja mchana, akiwa na vumbi la lenzi mikononi, ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Shikamoo baba. Shangazi ameniambia unamiksi nyimbo. Nimerekodi sita zangu mwenyewe. Naweza kukutumia mmoja ujaribu? Tukielewana nitakutumia na hizo tano."

Aliusoma mara nne. Neno lililomkwaza ni lile "tukielewana". Hilo ni neno la mteja na fundi wa kabati, si la mtu na baba yake. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, na yeye hakuwepo miaka kumi na miwili, basi hakuwa na haki ya kuchagua maneno. Akajibu, "Tuma mwanangu," kisha akafuta "mwanangu", kisha akalirudisha, akatuma kabla hajafuta tena.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Wimbo mmoja ukienda sawa, zinakuja tano. Kila wimbo una maswali yake, kila swali lina ujumbe wake, pengine hata simu. Nyimbo tano ni miezi minne au mitano ya kuongea na binti yake kuhusu kitu ambacho wote wawili wanakijua. Wimbo mmoja ukiharibika, wanarudi kwenye sikukuu njema na kwako pia.

Wiki hiyo hiyo hedifoni zake zikafa. Zilikuwa za mtumba, sikio la kushoto limeshikwa kwa plasta ya dukani kwao, na zilikuwa zimemvumilia kupita kiasi. Jumamosi akatoka kazini mapema akaenda duka la vifaa vya muziki.

Mwenye duka lile alikuwa mtu wa makamo, mwenye kipara na kalamu nyuma ya sikio, na aliuliza maswali kama hakimu.

"Za kazi gani?"

"Kumiksi. Nyumbani."

"Unarekodi waimbaji hapo hapo?"

"Hapana, naletewa tu."

"Basi twende moja kwa moja." Akashusha boksi, akatoa hedifoni pana zenye matundu mgongoni kama kichujio. "Hizi zimeachwa wazi nyuma. Sauti inapumua. Nakwambia mapema, hazikupambii kitu. Kibaya utakisikia kibaya."

Fundi akazivaa. Mwenye duka akapiga wimbo ambao Fundi aliujua kama njia ya kwenda kazini, na wimbo ukasikika mkavu, uko uchi, kila kitu mahali pake. Alisikia hata pumzi ya mpiga filimbi.

"Zina ubaya mmoja," mwenye duka akasema. "Zinavuja. Mtu aliyekaa nawe chumbani atasikia unachosikia, tena mara mia. Nyumbani mko wangapi?"

Swali la kawaida kabisa. Daktari wa macho huwauliza watu kama wanaendesha gari usiku, na hakuna anayelia. Lakini nyuma ya Fundi walikuwa wamesimama mume na mke wakibishana kuhusu spika ya sebuleni, mume anataka nyeusi, mke anasema nyeusi inaonyesha vumbi, na wala si mume anayelifuta. Walikuwa wakibishana kwa raha. Fundi akawasikia, akafungua mdomo.

"Mke, na watoto wawili," akasema.

Lilitoka laini, kama limekuwa likisubiri mlangoni.

"Wadogo?"

"Wa mwisho anaanza shule mwakani."

Hapo alijua ameongeza chumvi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Wasilosema ni kwamba kuipita kuna utamu wake. Kwa dakika tano nzima Fundi alikuwa mtu mwenye kelele nyumbani.

"Aa, basi hizi zitakuletea ugomvi bure," mwenye duka akasema, akizirudisha kwenye boksi. "Mama atakuja kunilaumu mimi. Chukua za kufunika. Ukivaa hizi, wao hawakusikii wewe na wewe huwasikii wao."

Zile za kufunika zilikuwa nzito, zenye mito minene. Wimbo ule ule ukapigwa, na safari hii besi ikamwingia mpaka kifuani. Ukavu wote uliondoka. Kila kitu kilikuwa kinono, kitamu.

Sasa tumseme kidogo, maana alistahili. Mtu huyu kila siku anaona wateja wanaochagua miwani kwa kujitazama kwenye kioo badala ya kusoma herufi ukutani, naye huwacheka nyuma ya pazia. Alijua fika kwamba hedifoni za kusikilizia na hedifoni za kufanyia kazi si ndugu. Inayoongeza besi itakufanya uipunguze besi ambayo haikuzidi, na kila mtu mwingine duniani atasikia wimbo uliokonda. Lakini kinyozi hajinyoi. Na hata kama angetaka kusema nipe zile za kwanza, angesemaje? Amweleze mke wake vipi, na yule wa mwisho anayetaka kulala mapema?

Akalipa.

"Tunza boksi," mwenye duka akasema. "Zikikusumbua ndani ya mwezi mmoja nabadilisha. Haya, msalimie mama."

"Zimefika," Fundi akajibu.

Alitembea na salamu ile mpaka nyumbani, hana pa kuifikisha. Alipofungua mlango aliwasha taa, ingawa bado kulikuwa na jua.

Wimbo wa binti ulifika kesho yake. Fundi akavaa hedifoni, akabonyeza, na mwanamke asiyemjua akaanza kuimba. Ilimchukua ubeti mzima kukubali kwamba ni yeye. Mtoto aliyemjua alikuwa na sauti nyembamba, akiimba majina ya miezi huku akiruka kamba. Huyu alikuwa na sauti ya mtu mzima, yenye mkwaruzo kidogo chini, na ule mkwaruzo Fundi aliujua: ulikuwa wa mama yake Fundi, bibi yake binti, aliyekufa kabla mtoto hajaanza kusema. Binti aliurithi bila kuusikia hata siku moja. Fundi alifurahi, akahuzunika, na hakuwa na mtu wa kumwambia lolote kati ya hayo mawili.

Alifanya kazi wiki mbili, kila jioni baada ya kuoga na Jumapili nzima nzima. Besi ilimsumbua. Ilijaa masikioni kama mgeni mnene kwenye kochi la watu wawili, naye akawa anaipunguza, anaipunguza tena. Mwishoni mwa wimbo kulikuwa na noti moja ya besi iliyovutwa ndefu hadi ikafa yenyewe. Aliiacha, aliipenda. Na kuna kosa lingine alilolifanya ambalo hatuwezi kulibebesha duka. Fundi yeyote hupitia kila kipande peke yake, mwanzo hadi mwisho, kusafisha vikohozi na migongano ya viti. Yeye alisafisha mwanzo na katikati. Lakini neno la mwisho la binti likiisha tu, kidole chake kilirudisha wimbo mwanzo haraka, kama unavyomkatiza mgeni anayetaka kuaga. Hakuvumilia kusikia sauti ile inanyamaza. Kwa hiyo mkia wa rekodi hakuusikiliza peke yake hata mara moja.

Mwisho kabisa akaukaza wimbo, yaani akabana sauti kubwa na kuinua ndogo ili wote wawe sawa, kama wafanyavyo wote siku hizi. Akautuma Jumapili mchana. Akafua, akapiga pasi, akaweka simu ikiangalia juu.

Jibu lilikuja Jumatano.

"Asante baba. Nimesikia."

Basi. Hakusema mzuri, hakusema mbaya, hakusema punguza hapa. Fundi alijibu, "Kama kuna cha kurekebisha sema tu mama," na ujumbe ule ukasomwa, ukakaa. Ijumaa ikapita, wiki ikapita. Zile nyimbo tano hazikuja. Alianza kubeba simu hadi chooni, jambo ambalo huwa anawacheka wenzake wakilifanya.

Mwisho dada wa mapokezi, ambaye hakuna kinachompita, akamuuliza Alhamisi moja wakati wa chakula cha mchana, "Fundi, mbona unaitazama hiyo simu kama inadaiwa?"

Akajikuta anajisifu. "Binti yangu ni mwimbaji. Wimbo wake nimeumiksi mimi."

"Wewe! Na umekaa kimya? Lete."

Akautuma kwenye simu yake, naye akaiegemeza kwenye boksi la fremu juu ya meza, akaupiga kwa ile spika ndogo ya simu. Alikuwa msikilizaji mzuri, alitikisa kichwa mahali panapostahili.

"Jamani sauti! Huyu mtoto kakutoka wapi?" Kisha akakunja uso kidogo. "Ila muziki wenyewe umekonda, Fundi. Usinikasirikie. Kama mtu aliyetoka kuumwa."

Fundi hakukasirika. Alikuwa ameshasikia mwenyewe. Neno la mwisho likaisha. Kwenye spika ile ya simu, isiyojua besi ni kitu gani, noti yake ndefu haikuwepo. Palipokuwa na noti palikuwa na chumba, na ndani ya chumba mlango ukafunguliwa, na mwanamume akasema kwa sauti ya chini lakini wazi kabisa:

"Umemaliza, mama? Chai inapoa."

Na binti akajibu, "Bado, baba."

Dada wa mapokezi akapiga makofi. "Kumbe ulikuwepo akirekodi! Na mimi nilidhani anaishi mbali. Sikiliza unavyombembeleza! Huku kwetu huongei hivyo."

Fundi alimtazama. Alikuwa na nafasi ya kusema, tena nafasi pana.

"Ndiyo," akasema. "Alikuja likizo."

Akarudi nyuma ya pazia, akaweka lenzi kwenye mashine, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule akaichonga ikaharibika. Akachukua nyingine, akaketi nayo mkononi bila kuwasha kitu.

Ilimuuma. Si kwamba kuna mtu mwingine anayeitwa baba. Hilo alilijua, na mtoto aliyelelewa vizuri humwita hivyo aliyemlea, angelaumu nini? Kilichomuuma ni chai. Kwamba kuna nyumba ambamo mtu anatoka jikoni, anatembea hadi mlangoni, anafungua polepole, kumwambia mwenzake kwamba chai yake inapoa. Chai ya Fundi ilikuwa ikipoa miaka kumi na miwili bila taarifa.

Kisha, maumivu yalipopungua kidogo, akili ya kazi ikarudi, na ikamletea jambo baya zaidi. Hedifoni zake zilijaza besi pale mwishoni hadi zikamfunika yule mtu mzima mzima. Kule kukaza kwake kukamwinua. Kila mwenye simu atamsikia, isipokuwa yeye. Na binti alisikiliza kwa simu, vijana wote wanasikiliza kwa simu. Alisikia wimbo wake umerudi kutoka kwa baba yake, kila kikohozi cha mwanzoni kimesafishwa, na mwishoni ameachiwa maneno yale mawili, tena yamepandishwa. Angefikiri nini? Angefikiri kwamba baba yake amesikia, akayaacha pale makusudi, amwoneshe.

"Nimesikia." Sasa alielewa lile jibu.

Jumamosi alikuwa dukani kabla mwenye duka hajamaliza kufuta kaunta.

"Vipi, mama amekataa rangi?" mwenye duka akatania.

"Nataka zile za wazi."

"Nilikwambia zinavuja. Watoto wako..."

Hapo Fundi angeweza kuendelea. Uongo ukishapata miguu hautaki kubebwa. Angeweza kuwapeleka watoto shule ya bweni na mama yao kwenye matanga ya mbali, mwenye duka asingejua. Lakini alikuwa amechoka, na hakuwa amelala vizuri tangu Alhamisi.

"Hakuna watoto," akasema. "Yaani yupo mmoja, mkubwa, hakai kwangu. Na mke hakuna. Naishi peke yangu."

Mwenye duka akatoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Fundi akasubiri kuchekwa.

"Ungesema tu," mwenye duka akasema. "Wengi wanaochukua hizi wako hivyo hivyo. Mimi mwenyewe ninazo nyumbani." Akazishusha, akafungua boksi, akakagua waya kwa vidole bila haraka. Safari hii hakutuma salamu kwa mtu.

Nyumbani Fundi akafungua sauti ya binti peke yake, bila besi, bila ngoma, akaiacha iende. Neno la mwisho likaisha. Akaikalia mikono yake yote miwili ili isirudishe wimbo.

Kikasikika kiti. Kikasikika kijiko kikigonga kikombe, mbali, chumba kingine. Ndala zikaja, zikasimama. Mlango. "Umemaliza, mama? Chai inapoa." Alikuwa amejiandaa kumchukia mtu yule, na alikuwa na sababu za kutosha, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa kuharibu kazi ya mwenzake. Alinong'ona, maskini, akidhani kunong'ona kunatosha. Fundi alimsikiliza mara tatu na hakupata pa kumshikia.

Akachukua simu. Hawakuwa na mazoea ya kupigiana, hivyo iliita muda mrefu.

"Baba? Kuna nini, nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Ni kuhusu wimbo. Mwishoni kuna sauti ya mtu. Nimekuja kuisikia jana, juzi. Nilikuwa nataka kukuuliza kama niitoe."

Binti akauliza taratibu: "Ulikuwa hujaisikia?"

"Hapana."

"Baba, usinidanganye. Umesafisha hadi nilipogusa maiki. Ile ndiyo uisahau? Tena umeipandisha sauti? Nilisahau kuikata kabla ya kutuma. Nilikumbuka ikiwa imeshakwenda. Wiki mbili zote sikulala vizuri, nikisema labda hataisikia, labda ataikata na kunyamaza. Ukairudisha vile. Nikasema sawa, nimesikia, ameniambia."

"Sikuisikia, mama. Hedifoni zilikuwa mbaya."

"Miaka yote hiyo unamiksi, ununue hedifoni mbaya?"

Na hapo Fundi akaona kwamba hana njia nyingine ya kuaminiwa. Angeweza kumweleza kuhusu besi mpaka jua lizame, isingesaidia. Ilibidi aseme sababu.

"Dukani waliniuliza nyumbani tuko wangapi. Zile nzuri zinavuja sauti, ni za mtu asiye na wa kumsumbua. Nikamwambia nina mke na watoto. Akaniuzia za kufunika. Zikafunika kila kitu."

Fundi alisikia pumzi ya binti, na nyuma yake maji yakimiminwa kwenye chombo.

"Ulimwambia watoto wangapi?" binti akauliza mwishowe.

"Wawili."

"Na huyo wa pili ni nani?"

"Sijui," Fundi akasema. "Anaanza shule mwakani."

Binti akacheka. Kicheko kilimtoka bila kupenda, kifupi, kisha kikageuka kikawa si kicheko, akaondoa simu mdomoni kwa muda. Fundi alisubiri. Alijua kusubiri.

"Ikate tu baba," binti akasema aliporudi. "Ile sauti. Ikate."

"Nitaikata."

"Nitakutumia na zile tano leo." Akasita. "Ila nikwambie mapema. Zote nimezirekodia hapa nyumbani, hatuna chumba kingine. Yeye yumo kwenye zote. Mara anakohoa, mara anatafuta miwani yake, mara anamwita mama. Kama itakuwa vigumu kwako, sema tu, natafuta mtu mwingine. Sitakasirika."

"Si vigumu," Fundi akasema. "Ndiyo kazi yenyewe. Nitamtoa, hatasikika popote."

Zilifika moja baada ya nyingine, alasiri ile ile, zote tano. Fundi alivuta kiti, akavaa hedifoni za wazi, akafungua ya kwanza. Wimbo ulipokwisha hakushika kitu. Aliacha iendelee, akasikiliza nyumba ile: mtu anakohoa kwa adabu, mlango wa kabati, mama yake binti anauliza nani kachukua kitambaa cha mezani, wote wanacheka kwa jambo ambalo halikurekodiwa. Akafungua ya pili, na ya tatu, hadi ya tano. Kisha akarudi kwenye ya kwanza, akaweka kidole, akaanza kuwatoa.